Maji ya Yasmini kwa Bi Kamnoi

Tangu walipokuwa wasichana wa cherehani katika kiwanda kimoja cha Bangkok, wakilala watatu chumba kimoja, Rampha alikuwa akiwaahidi wenzake kwamba sikukuu ijayo ya Songkran atawapeleka kwao Nan, kaskazini milimani, wakaone mwaka mpya unavyopokelewa. Kila mwaka likazuka jambo: mara zamu, mara mimba ya Chulee, mara mume wa Sunthari kalazwa. Walipopata nafasi hatimaye, nywele zilikuwa zimekwisha kuingia mvi, na mama yake Rampha alikuwa ameshafariki.

Wakaenda hivyo hivyo. Chulee aliendesha pikapu, wenzake wakakaa nyuma na pipa la maji. Kila kijiji walichopita, vijana walikuwa barabarani na ndoo zao, kama ilivyo desturi ya sikukuu hiyo, wakawamwagia maji ya barafu na kuwapaka unga mweupe mashavuni. Sunthari hakukubali kushindwa. Aliwarudishia kwa kopo, akiwatania kwamba wanamwaga kama watu wanaomwagilia mchicha. Rampha alicheka, lakini kadiri milima ilivyokaribia ndivyo mawazo yake yalivyozidi kutangulia nyumbani. Siku kama hii mama yake angekuwa kibarazani, nguo mpya mwilini, akingoja wanawe wammwagie maji ya maua mikononi na kumwomba radhi za mwaka mzima.

Nyumba waliikuta imefungwa. Rampha akafagia kibaraza, akaloweka yasmini kwenye bakuli la fedha la mama yake, kisha akakaa akilitazama. Hakuwa na wa kummwagia.

Chulee akauliza kama hakuna mzee mwingine jirani. Alikuwapo Bi Kamnoi, nyumba ya pili. Lakini yeye na mama yake Rampha waligombania mfenesi uliokuwa mpakani mwa viwanja vyao, Rampha akiwa bado mtoto, na tangu hapo hawakusemezana.

"Atanifukuza," Rampha alisema.

"Atufukuze sote," Sunthari akamjibu. "Nimekuja mpaka huku nimelowa kama bata, shoga. Inuka."

Bi Kamnoi alikuwa ameketi mkekani. Alimtazama Rampha, akalitazama lile bakuli, kisha akanyoosha mikono. Rampha akapiga magoti, akamimina maji taratibu, akaomba radhi kwa makosa yake, na kwa makosa ya mama yake pia.

"Yeye nilishamsamehe zamani," kikongwe alisema. "Kwani hukujua kwamba alikuwa akija?"

Rampha hakujua.

"Kila Songkran, nyinyi watoto wake mkishakwenda kucheza maji. Anapiga magoti hapo ulipo, ananimwagia, hasemi neno. Na mimi simsemeshi. Tulikuwa na vichwa vigumu, mwanangu. Alipoacha kuja, ndipo nikajua anaumwa."

Rampha aliinamisha uso kwenye ile mikono iliyolowa, akalia kuliko alivyolia msibani. Bi Kamnoi akamwacha alie. Kisha akawaita wale wawili waliosimama mlangoni, akawasimulia jinsi yeye na mama yake Rampha, wakiwa bado wasichana, walivyobeba mchanga kwenda kujenga nao vilima hekaluni, kama ilivyo ada ya Songkran, na jinsi mwenziwe alivyocheza ngoma njia nzima mpaka mchanga wote ukamwagika. Rampha hakuwahi kumwona mama yake akicheza. Akamwomba arudie.

Baadaye wote wakapanda pikapu kwenda hekaluni, wakiwa wamechelewa. Bi Kamnoi alikaa mbele karibu na Chulee, akimkataza kila kijana asimmwagie maji. Na walipofika, akalalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana ujasiri, hakuna hata mmoja aliyethubutu kummwagia.