Yavar Atolewa Ndani ya Boila

Saa tatu asubuhi fundi Jabbar alishuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, akafunga gesi, akafungulia maji meusi ya rejeta za kupashia vyumba joto yamwagike kwenye mfereji, kisha akaanza kuifungua boila kuukuu iliyoyachemsha. Ilikuwa ya chuma cha kusubu, nzito kama ng'ombe mwenye mimba, na ilikuwepo tangu babake Bi Sona alipoijenga nyumba hiyo hapo Tabriz. Bolti ya sita ilipolegea alimkuta marehemu Yavar ndani, amekaa, magoti yamegusa kidevu, masizi mwili mzima.

"Bi Sona!" fundi aliita. "Mumeo yumo humu. Njoo umtoe, nina kazi."

Bi Sona alishuka na sinia la chai. Miaka kumi na moja alijiuliza kwa nini rejeta ya chumbani kwake ilipata moto kuliko zote, akadhani zile nyingine zimezibwa na hewa.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Nilikuwa napuliza kuelekea kwako." Yavar alibana kibonge cha sukari kwenye meno, akanywa chai.

"Wengi hukaa humu, si kuna joto," alisema fundi. "Lakini hizi mpya zinatundikwa ukutani. Hata paka haenei."

Siku hiyo Bi Sona alihitaji shahidi kuliko joto. Nyumba ilikuwa yake, urithi wa baba. Mwaka aliokufa Yavar, Nosrat, kaka mkubwa wa Yavar, alikuja kuwaamkia sikukuu ya mwaka mpya, na Bi Sona akamlaki mlangoni: "Karibu kaka, nyumba ni yako." Nani huko asiyesema hivyo? Huambiwa mgeni, huambiwa hata mzoa taka. Naye hujibu, "Mungu awaweke wenyewe," akanywa chai, akaenda zake. Nosrat alijibu, "Asante," akavua viatu.

Yavar alikufa kabla ya wiki kuisha, na viatu vile Nosrat hajavivaa mpaka leo. Mwaka ule alichukua ghorofa ya chini, mwaka uliofuata hati ikaandikwa jina lake. Hakimu alimwambia Bi Sona alete mtu aliyekuwepo, aseme kwamba yale yalikuwa maneno ya adabu tu. Aliyekuwepo alikuwa mmoja, naye yuko kaburini. Sasa boila ilikuwa imekufa, na Nosrat alikuwa ameagiza mpya kwa ajili ya ghorofa ya chini peke yake. Mabomba ya juu, kwa Bi Sona, yakatwe. Mwanamke wa miaka sitini na minane, na theluji imefika madirishani. Jamani, kuna watu!

"Yavar," alisema Bi Sona, "nakuomba neno moja tu. Mwambie kaka yako, mbele ya fundi, kwamba sikumpa nyumba."

"Hilo tu? Ulikuwa unamkaribisha tu, nilikuwepo. Nitamwambia."

Fundi alifuta mikono, akasema yuko tayari kwenda naye hata kwa hakimu.

Nosrat aliitwa, akashuka na ndala zake.

"Ah, Yavar. Umekonda."

"Shikamoo, kaka." Yavar aliinuka, akajipangusa masizi.

"Marahaba. Naona nimewabana sana humu. Nyumba yenyewe ni yenu, mimi mgeni tu. Semeni nitoke, nami nitatoka sasa hivi."

Fundi alifumba macho. Jibu la maneno kama hayo kila mtu pale alilijua tangu utotoni.

"Yavar, usi..." Bi Sona alianza.

"Astaghafiru, kaka!" alisema Yavar, mkono kifuani. "Unasema nini? Nyumba ni yako. Hata sisi ni wako."

"Asante," alisema Nosrat. "Fundi, umesikia?"

"Nimesikia," alisema fundi, maana alikuwa mtu mkweli.

Heshima si utumwa, walisema wahenga, ila wahenga hawakumjua Nosrat. Alipokwisha kupanda, Bi Sona aliketi kwenye ngazi akalia kwa uchungu.

"Ningesemaje?" aliuliza Yavar. "Si mkubwa wangu?"

Alasiri mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na gari, boila ikapakiwa vipande vipande. Yavar alipanda nyuma, akakaa juu yake, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kukaa. Huko Tabriz, anayesafiri humwagiwa maji nyuma yake ili arudi salama, na jirani mmoja akamletea Bi Sona bakuli la maji. Boila mpya ilikuwa imekwisha kuwashwa, nayo ilifanya kazi vizuri sana. Gari likaondoka, Yavar akipunga mkono.

Bi Sona alisimama na bakuli mpaka gari lilipopinda kona. Kisha akayanywa maji yote, akapanda juu, akavaa koti la pili.