Dishi la Kagunga

Ujiji wananiita Fundi Isaka Mtu wa Watu. Jina hilo linaniuma, kwa sababu najua lilikotoka.

Mwaka 2015, Warundi walipojaa ufukweni Kagunga wakisubiri meli ya kuwaleta Kigoma, shirika moja lilinituma kule kufunga dishi la intaneti ya setilaiti. Mtandao wa simu ulikuwa wa kubahatisha. Kupitia dishi langu kila mkimbizi alipewa dakika tano za kuwatafuta ndugu zake. Ilikuwa kazi nzuri, nami nilijua ni nzuri. Nilitembea pale kijijini kifua mbele kana kwamba hiyo setilaiti niliirusha mimi kwa mkono.

Honorata, mkimbizi mwenye watoto wawili, aliandikiwa zamu yake Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Walipotezana na mumewe, Bonaventura, wakati wa kukimbia. Padri mmoja wa Bujumbura alimpata mume, akatuma ujumbe: saa hiyo atakuwa naye kwenye simu, ila jioni hiyohiyo anaondoka kwenda Rwanda, maana anaamini mke na watoto wako huko. Kwa hiyo Honorata alikuwa na neno moja tu la kumwambia: tuko Kagunga.

Jumamosi hiyohiyo kulikuwa na mechi. Herman, mwenye banda la video pale Kagunga, jirani na dishi langu, alikuwa ameangushiwa dishi lake na upepo wa ziwa. Akanijia na vijana kama kumi.

"Fundi, wewe si ni mtu wa watu? Tugeuzie hilo lako, mechi moja tu."

Hakunipa hata senti. Nilinunuliwa kwa sifa, na hakuna bei rahisi kuliko hiyo. Nikajipangia: mechi inaanza saa kumi na moja, mapumziko nalirudisha, Honorata anaongea, kila mtu anafurahi.

Setilaiti ya intaneti na ya televisheni hazikai upande mmoja wa anga. Lazima ulegeze nati, ubadilishe kichwa cha dishi, kisha ulizungushe taratibu huku mtu ameshikilia bomba linalolibeba lisiyumbe. Nilihitaji mtu. Honorata alikuwa ameshafika, saa nzima na zaidi kabla ya wakati wake, kavaa kitenge cha kanisani.

"Mama, hebu nishikie hapa. Nalirekebisha ili mzee asikike vizuri."

Akashika kwa mikono miwili. Nami nikalizungusha pale pale mbele yake, nikaligeuza mbali na mumewe.

Mapumziko yalifika timu zikiwa sare. Nilisimama. Vijana wakapiga kelele, "Kaa, fundi, bado kipindi cha pili!" Hawakunifunga kamba. Nilikaa kwa hiari yangu, kwa sababu na mimi nilitaka kujua nani atashinda.

Saa kumi na mbili Honorata alinifuata mlangoni mwa banda.

"Fundi, wakati umefika."

"Setilaiti inasumbua, mama. Mawingu."

Akatazama juu. Ilikuwa Mei, mvua zimekwisha, na hapakuwa na wingu hata moja. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kukaa chini ya dishi na watoto wake wawili. Nyuma yangu wakashangilia bao.

Niliporudisha mawasiliano ilikuwa saa moja na nusu. Ujumbe wa padri ulikuwa unasubiri: "Tumengoja sana. Bonaventura ameshaondoka." Nilimsomea. Hakulia mbele yangu. Nikamwandikia padri mara tatu kwamba familia iko Kagunga, lakini yule aliyeondoka hakuwa na simu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka mingi sasa na bado naitembea.

Asubuhi, Honorata alikuwa kwenye foleni ya mitumbwi ya kuwapeleka melini. Aliponiona akatoka kwenye mstari, akanijia. Nikadhani amejua. Nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe: anitukane, yaishe.

"Fundi, nataka kukuuliza. Jana niliposhika lile bomba, mikono ilikuwa inanitetemeka. Labda ni mimi niliyelisogeza?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Herman na vijana wake walikuwa pale karibu, wananipungia mikono.

"Usijali, mama," nikamwambia. "Hutokea."