Wavu wa Ndoto wa Corliss

Mimi Josette sikumtaka Corliss, na sitajifanya hapa. Mwanangu Wendell alimtoa mjini, Mwojibwe kama sisi, Wahindi Wekundu wa maziwani, lakini wa sura tu, kalelewa na Wazungu tangu ana miaka miwili. Jina la nyanya yake mwenyewe halijui!

Alipojifungua alikuja jikoni kwangu na wavu wa ndoto alioutengeneza, ule wa kunasa ndoto mbaya mtoto akilala: pete ya waya, uzi wa nailoni, manyoya ya zambarau. Nilicheka mpaka nikashika meza.

"Loo! Huu wa mtoto, au wa kuning'iniza kwenye gari?"

"Nifundishe basi, mama," akasema. "Nataka binti yangu awe wa hapa."

Nikamwambia alete wavu halali siku ya karamu ya jina. Nitaufunga mwenyewe kwenye ubao wa kumbebea mtoto, ukoo wote ukiona, na yeye nitamwita mwanangu. Nilijua atachoka.

Wapi! Alivuna mashina ya upupu kwa mikono mitupu, vidole vikavimba. Akayasokota nyuzi, akazichemsha na magome ya mplamu mwitu mpaka zikaiva wekundu. Nilimfumulia mara sita. "Rudia." Akarudia. Mara ya saba nilitafuta kosa nikalikosa, na roho iliniuma kweli.

Siku ya karamu watu walikuwa wanakula wali wa mpunga wa ziwani na nyama ya kulungu. Corliss akaja anatabasamu, mtoto mgongoni, wavu mkononi. Duara la fimbo nyekundu za kinamasini, nyuzi zimekaza, tundu katikati. Mashangazi wa Wendell wakaanza kumsifu.

Nikapaza sauti. "Ulipokata hizi fimbo, uliweka tumbaku chini ya mti?"

Watu wakaacha kutafuna.

"Tumbaku gani, mama?"

"Mti hulipwa tumbaku kabla ya kukatwa. Basi umeiba. Unataka mtoto alale chini ya kitu cha wizi?"

Nilikuwa nimemfundisha kila hatua, isipokuwa hiyo.

"Mbona hukuniambia?"

"Mtoto wa kwetu haambiwi."

Wendell aliinamia sahani yake. Mzee aliyekuja kutoa jina akafunga mkoba wake, akasema siku nyingine. Corliss akauweka wavu mbele yangu taratibu, akatoka na mtoto. Siku ya tatu Wendell akawafuata. Huu mwaka wa nne, hata salamu hawaleti.

Wavu niliutundika ukutani, juu ya ule ubao mtupu. Hizi nyavu tunazifanya kwa fimbo mbichi makusudi, zikauke, zivunjike wakati mtoto ameshakua hazihitaji tena. Jana asubuhi nikiwa nakunywa chai nikasikia tak! Duara limepasuka, nyuzi zote zimelegea.

Kumbe ameshakua. Niliokota vipande, nikakagua fundo moja moja, nikitafuta hata moja alilokosea Corliss. Halikuwepo. Nikataka kumwita mjukuu wangu, mwenyewe tu pale jikoni, nikabaki mdomo wazi, maana jina lake silijui.