Bendera ya Karakana Namba Nne

Siku Nyundo alipomwona shemeji yake amevaa kizibao cha njano cha mradi, alijua pana jambo. Mzee wa miaka sabini na ushee, magoti yanalia akipanda ngazi tatu, leo anadamka kwenda kuwaonyesha wahandisi vijana mahali swichi za reli zilipokuwa? Kwa mapenzi ya kazi tu? Thubutu! Nyundo alisimama nje ya uzio wa mabati, akachungulia kwenye upenyo mpaka shingo ikamuuma.

Yadi ile ya reli ilikuwa katikati ya mji, na kwa miaka mingi ilikuwa imelala tu, nyasi zimemea kati ya vyuma na paka wamezaliana ndani ya mabehewa. Sasa ilikuwa inageuzwa kituo kikuu: treni chini, mabasi juu, maduka katikati, na ngazi zinazopanda zenyewe. Picha yake ilibandikwa kwenye uzio, kubwa kama ukuta wa nyumba. Watu wote wa kwenye picha walikuwa wembamba, wanacheka, na hakuna hata mmoja aliyebeba mzigo. "Hawa wanasafiri kwenda wapi mikono mitupu?" Nyundo aliwauliza wapita njia. Wao wakapita zao, naye hakuwa na haja ya jibu. Haja yake ilikuwa kujua shemeji yake anatafuta nini mle ndani.

Na moyoni alishajijibu. Anatafuta bendera.

Yadi ilipokuwa hai, Nyundo na mdogo wake walikuwa mafundi wa mabehewa. Shemeji yao, mume wa dada yao mkubwa, ndiye aliyekaa kwenye kibanda cha juu akipanga injini ipite njia ipi, na kwa hiyo wakamwita Swichi. Mafundi walikuwa na sheria moja iliyozishinda zote: kabla hujaingia chini ya behewa, unachomeka bendera yako nyekundu ubavuni mwake. Kila fundi na yake. Ikiwepo bendera, behewa haliguswi, hata aje mkurugenzi mwenyewe. Na aliyeiweka ndiye anayeitoa, si mwingine. Bendera za ndugu hawa wawili zilishonwa na mama yao kwa kitambaa kimoja. Ya Nyundo aliipindia uzi mweupe, ya mdogo wake uzi mweusi, wasije wakagombana.

Basi siku moja ya mvua king'ora cha chakula cha mchana kikalia. Nyundo akatoka chini ya behewa, akatoa bendera yake, akaenda kula. Mdogo wake alibaki kumalizia nati moja. Dakika kumi baadaye injini ikaja kulisukuma behewa lile, naye yu chini yake bado, na hakutoka hai. Ilipotafutwa bendera yenye uzi mweusi, haikuwepo. Haikuonekana siku ile, wala kesho yake, wala tena.

Kwenye uchunguzi Nyundo aliapa kwamba alitoa yake na kuiacha ya mdogo wake. Swichi alisema maneno machache tu: "Sikuona bendera. Ilinipasa nishuke nihakikishe. Kosa ni langu." Wakamwondoa kibandani, wakampa ufagio wa kufagilia jukwaa la abiria, akafagia mpaka alipostaafu. Lakini Nyundo hakuridhika ng'o. Mtu asiye na la kuficha hukubali kosa upesi namna ile? Kichwani mwake mambo yalikuwa wazi: Swichi alikuwa na haraka ya kupanga treni ya mchana, akashuka, akaing'oa bendera kwa mkono wake, kisha akaificha. Miaka thelathini na mmoja Nyundo hakukanyaga nyumbani kwa dada yake. Wakikutana kwenye misiba, alitafuta kiti cha upande wa pili.

Mwenyewe hakuingia tena chini ya behewa. Sanduku lake la vifaa lilibaki na kufuli lake chini ya meza yake ya kazi, karakana namba nne, na mikono ilikataa katakata kulifungua. Aliomba kazi ya kugonga magurudumu kwa nyundo na kusikiliza kama yamepata ufa. Hiyo ndiyo iliyompa jina. Yadi ilipofungwa, karakana nayo ikatiwa minyororo, mpaka mradi ulipokuja kuifungua.

Jumatatu dada yake alimjia nyumbani. Hakukaa hata kitini.

"Acha kumfuatafuata mume wangu kama askari kanzu. Watu wanacheka."

"Anafanya nini mle, dada?"

"Anawasaidia. Ameombwa."

"Ameombwa, au ameomba?"

Dada mtu akafungua pochi yake, akaifunga, akaifungua tena. Hakutafuta kitu humo. "Wewe una kichwa kigumu tangu utotoni," alisema, akaondoka. Nyundo akapiga paja. Kumbe ni yeye aliyeomba!

Jumatano asubuhi alikwenda getini, akamkuta injinia wa mradi, binti mwenye kofia ngumu na kalamu sikioni. Nyundo akajifanya mzee mpole anayetembea tu kunyoosha miguu. Binti naye alikuwa mwongeaji. Akamweleza kwamba karakana namba nne ingebomolewa kesho yake. Ndani ya kituo kipya kutakuwa na chumba cha kumbukumbu, na vifaa vya mafundi wa zamani vitawekwa kwenye kabati za vioo, kila kimoja na kadi yake ya maelezo.

"Tuna bahati sana na Mzee Swichi," alisema. "Amejitolea kuyapitia masanduku yote. Ametuomba mtu asiguse hata moja kabla yake."

"Kabla yake?"

"Ndiyo. Sasa hivi yuko ndani."

Damu ilimchemka Nyundo. Ule upole wa uongo ukamtoka, akasema naye ana sanduku mle, anataka kulichukua kwa mkono wake, na kama kuna karatasi ya kutia sahihi iletwe. Binti akampa kizibao na kofia, akamfuata nyuma akimsihi apunguze mwendo.

Karakana ilikuwa na harufu ileile ya grisi na kutu. Mwanga uliingia kupitia matundu ya paa na kuangukia meza za kazi, kumi na mbili, zikiwa zimepangwa kama zamani. Nyundo hakuhitaji kuhesabu. Na pale kwenye meza ya saba, yake, Swichi alikuwa amepiga magoti, anavuta sanduku la mbao kwa mikono miwili.

"Nimekukamata!"

Swichi hakusimama. Jasho lilikuwa likimtiririka, na kando yake palikuwa na gunia tupu, mdomo wazi.

"Gunia la nini hilo? Kila mtu sanduku lake litawekwa kwenye kioo, langu mimi liingie guniani?"

"Shemeji, nakuomba," Swichi alisema kwa sauti ndogo. "Usilifungue. Liache liende na vyuma chakavu. Nimekuomba kitu gani maishani? Hiki kimoja tu."

"Umeficha nini ndani?"

"Kufuli ni lako, shemeji. Ufunguo unao wewe."

Ni kweli, alikuwa nao. Miaka yote hiyo ulining'inia pamoja na funguo za nyumba yake, bila kazi. Nyundo aliona anazungushwa tu. Akamwita injinia asogee karibu awe shahidi, akaingiza ufunguo. Kufuli lilikataa kwa sababu ya kutu, akaligonga kwa spana mara mbili, likaachia.

Ndani mlikuwa na spana zake, kopo la grisi iliyokauka na glovu moja. Juu ya vyote palikuwa na bendera, imekunjwa kwenye kijiti chake.

"Hii ni yangu," alimwambia binti. "Nitakuonyesha. Ina uzi mweupe, mama yangu aliushona. Ya mdogo wangu muulize huyu bwana alikoipeleka."

Akaanza kuikunjua. Kitambaa kilikuwa kimekakamaa, kikawa kinabanduka kwa shida. Uzi mweupe ukaonekana. Akaendelea kukunjua. Kijiti kilikuwa kinene kupita alivyokikumbuka. Kilikuwa vijiti viwili. Na ndani ya kitambaa kile palikuwa na kitambaa kingine, na kwenye pindo lake uzi mweusi.

 Nje tingatinga lilikuwa linarudi nyuma huku likipiga milio yake.

Ndipo siku ile ikamrudia. Mvua, behewa lenye tundu moja tu la bendera upande ule, na wao kuzichomeka zote mbili humo kwa sababu ya haraka, jambo walilokatazwa kila siku. Vitambaa vimelowa, vimeshikana. Yeye ananyoosha mkono bila kutazama, anang'oa, anakunja, anatupa kwenye sanduku lake chini ya meza, anabana kufuli, anakimbilia chakula kisipoe.

"Nilikuona kutoka dirishani," Swichi alisema. "Ulizing'oa mara moja, pakabaki patupu. Nikasema wametoka wote, maana siku zote mlikwenda kula pamoja. Nikaiita injini."

"Ulijua."

"Nilijua jioni ile, walipoanza kuitafuta."

"Na ukaniacha nikutukane mpaka leo?"

Swichi alifuta jasho kwa kizibao cha njano. "Mama alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja wa kiume. Dada yako akasema, huyu akijua, tutazika wawili. Nikanyamaza. Halafu miaka ikapita, na kila mwaka ikawa vigumu zaidi. Nikasema, nikiwahi hili sanduku kabla ya kesho, basi, yamekwisha."

Nyundo alikaa juu ya sanduku lake, bendera mapajani. Alilia kama mtoto, na aibu ilimbana kuliko majonzi, maana majonzi alishayazoea. Alifikiria ule ufagio wa jukwaani. Mara ngapi alipita pale makusudi, akidondosha ganda la chungwa ili aone mtu akiinama?

Injinia alikuwa na kadi zake mkononi na hakujua aziweke wapi. "Mzee," alisema polepole, "si lazima hizi ziingie kwenye chumba cha kumbukumbu. Mimi sijaona kitu."

"Umeona," Nyundo alisema. "Andika."

"Niandike nini?"

"Andika kwamba kila fundi alikuwa na bendera yake, na aliyeiweka ndiye aliyeruhusiwa kuitoa." Alisubiri kalamu isimame. "Halafu andika kwamba hizi mbili nilizitoa mimi. Weka na jina langu lote. Na herufi ziwe kubwa, mwanangu. Shemeji yangu macho yamechoka, nataka aisome bila kuinama."