Njuga ya Annakali

Asubuhi ile Annakali alikuwa akipaka sakafu ya ua samadi na udongo, akirudi kinyumenyume asiharibu alipokwisha kupaka. Hakukuwa na haja. Tangu mwaka jana nyayo zake hazikuwa zikiacha alama.

Alikuwa binti wa nne. Alipozaliwa, bibi yake Khiroda alimpa jina ambalo Wabengali huwapa mabinti waliozidi: Annakali, yaani basi tena, ee Kali, usituletee mwingine. Kila aliyemwita aje ale au akachote maji alikuwa anamwomba mungu huyo wa kike wa Kihindu, naye Kali alisikia, akaanza kumwondoa yule yule aliyeitwa. Alichukua kwanza kivuli cha mtoto, kisha sura yake kwenye maji ya bwawa, kisha uzito, hata ikawa vigumu kumwona. Nyumbani wakamfunga njuga mguuni wasije wakamkanyaga, maisha yakaendelea.

"We njuga! Lete maji ya moto!" dada yake Bulu alipiga kelele. "Mama kashikwa na uchungu!"

Bulu hakuwahi kumwita kwa jina. Ndiyo huruma aliyokuwa nayo.

Annakali alipeleka maji. Bibi alishasema: akija mvulana, jina limefanya kazi yake, lipumzike. Akija msichana, basi halikuitwa vya kutosha.

Alijibanza nje ya mlango. Ndani, majirani walikuwa tayari kwa vigelegele vya mtoto wa kiume. Mtoto akalia. Vigelegele havikuja.

Annakali akaibana njuga kwa vidole isilie.

Khiroda alitoka akijifuta mikono kwa ncha ya sari yake nyeupe. "Annakali!"

"Mama, mwache jamani," mkwewe alisema kutoka kitandani.

"Nimwache? Wewe ndiye uliyekuwa unamwita kwa kunong'ona, kama unaiba! Mungu atasikiaje? Annakali! Annakali!"

Vidole vilivyoibana njuga vilianza kutoweka, nayo ikalia. Bibi akaufuata mlio, akiita.

"Upo?" Bulu aliuliza.

Annakali alijibu kwamba yupo, lakini sauti nayo ilikuwa imeshachukuliwa.

Bibi alipapasa sakafuni, akafungua uzi, akaingia ndani na njuga ingali na joto. Akamfunga mtoto mchanga, akampa jina Khanto, yaani koma.

"Huyu tumfunge mapema," alisema. "Tusije tukahangaika kumtafuta."

Jioni Bulu alipakua wali na dengu, akaweka sahani ya Annakali mahali pake pa siku zote. Chumbani, bibi alikuwa amempakata mtoto, akimwita polepole, tena na tena, ili alizoee jina.