Majina Mawili Redioni

Kwenye benchi la kituo cha polisi walikaa watu wanane, na mmoja tu ndiye aliyeelewa redio ilikuwa inasema nini. Alikuwa mjane wa mtu wa redio wa kituo hichohicho. Miaka kumi na tisa marehemu alirudi nyumbani na lugha ya kazini, kama mtu anavyorudi na vumbi la viatu. Ukimwomba chumvi mezani, atakujibu, "Rudia, sijakupata." Ndiyo maana walimwita Mzee Rudia.

Siku hiyo hapakuwa na la kuchekesha. Mdogo wa mjane huyo, seremala, alikuwa amekuja asubuhi kuomba cheti cha tabia njema, maana kiwanda cha milango kilichotaka kumwajiri hakipokei mtu bila cheti. Wakamwita ndani, hakutoka tena. Kisha sajenti wa zamu akayasoma majina yake redioni, na makao makuu wakajibu neno moja: mgeni. Benchi zima halikushtuka. Mjane peke yake aliinuka. Kwa lugha ya redio, mgeni ni mtu anayetafutwa.

Alikwenda kaunta. Alieleza kwa adabu kwamba yamesomwa majina mawili tu, na utaratibu ni matatu, la babu likiwamo, kwa kuwa majina mawili wanayo watu chungu nzima. Marehemu asingeyapokea.

Sajenti alimtazama kama mtu aliyesikia kuku akisema. "Wewe ni mke wa Mzee Rudia?"

"Ndimi, afande."

Akalainika, lakini akasema maji yameshamwagika. Ameshasaini karatasi za kumhamisha, na gari limetokea mlango wa nyuma na seremala, linampeleka kitengo cha ujambazi. Mke wa seremala, mwenye mimba ya miezi saba, aliyekuwa akilia palepale benchini, aliacha kulia ghafla. Kila mtu mtaani alijua kitengo kile. Wengi waliopelekwa hawakurudi, na waliorudi hawakusimulia.

"Afande, uliza huyo jambazi wenu ana vidole vingapi," mjane alisema. "Alama zake mnazo. Mdogo wangu hana kidole cha shahada, mashine ya mbao ilikila akiwa bado anajifunza kazi."

Sajenti aliuliza. Majibu yalichelewa, kisha yakaja: alama zilichukuliwa mwaka jana, vidole kumi, vyote vizima.

Sajenti akaishika redio. Akaliita gari. Kimya. Akaliita tena. Kimya. Desturi ni kuita mara tatu, na mara ya tatu dereva alijibu kwa sauti ya mtu anayetafuna kitu: mzigo umeshakabidhiwa.

Mke wa seremala akamshika mjane mkono. "Wifi, wamesemaje?"

Mjane alitamani, kwa mara ya kwanza, asingeijua lugha ile. "Wamemfikisha," alisema. "Simama, tunamfuata." Akamgeukia sajenti. "Niandikie hayo ya vidole kumi, afande. Piga na muhuri."

Sajenti aliitazama kalamu, akautazama mlango wa mkubwa wake, akaitazama tena kalamu. Mwishowe aliandika mistari miwili, akagonga muhuri. Jina lake hakuweka, wala sahihi.

Mjane aliliona hilo. Akaichukua karatasi hivyohivyo, wakatoka mbio, wifi yake akiwa amelishika tumbo kwa mikono miwili.