Nyumba Isiyo na Garde-Malade

Dada yangu Ketsia alitaka matiti. Nasema wazi kwa sababu mtaani walisema mengine: kwamba mumewe ndiye aliyemtuma, kwamba alikuwa na bwana Kinshasa. Uongo mtupu. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, amenyonyesha watoto watatu, na alitaka kifua chake kirudi kama zamani, basi. Aliuza ng'ombe wawili aliowarithi kwa baba, akaja kwangu.

Alikuja kwangu kwa sababu baba hayupo, mumewe yuko Kilo kwenye machimbo ya dhahabu, na kwetu karatasi ya upasuaji wamezoea kumpa mwanaume wa familia aisaini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilijiona mkubwa.

Mzee Gaspard, daktari wa upasuaji katika hospitali ya mjini, alisema yeye kazi hiyo haifanyi, akatupa namba ya daktari mmoja mwanamke wa Kampala. Tuliongea naye kwa simu. Alimuuliza Ketsia kama ana sukari, kama mama yetu alikufa kwa saratani, lini alimwachisha mtoto wa mwisho. Akataka vipimo. Akasema hatapanga siku mpaka amwone kwa macho, na kwamba aje na garde-malade, ndugu wa kulala naye na kumpikia kwa wiki mbili. Nilikata simu nimekasirika. Alituhoji kama wezi mpakani.

Daktari mwingine, Claude, alikuwa hapa hapa mjini Bunia, katika nyumba ya kupanga mtaa wa Shari. Vigae vyeupe, jenereta mpya, diploma tatu ukutani. Hakuuliza kitu. Alimwita dada yangu Madame, na mimi akaniita Monsieur, nami nikatembea na neno hilo siku nzima. Nilipotaja garde-malade alicheka, akasema kwake si mahali pa masufuria.

"Asubuhi Madame anaingia, jioni anakula kwake."

Nyumbani tulimkuta mama mdogo Hortense akichambua sombe, majani ya muhogo. Huyo amelala chini ya vitanda vya wagonjwa wa ukoo wetu mzima. Aliuliza swali moja tu.

"Kule nani iko analala na mugonjwa?"

Nikamwambia hakuna. Aliweka majani chini. Akasema kabla ya yote twende kwenye ua wa hospitali tuwaulize garde-malade habari za Claude, maana wao ndio wanaojua wagonjwa wa daktari gani hawaamki. Nilimcheka mbele ya dada yangu. Nilisema mambo ya upasuaji hayaulizwi kwa wapika uji.

Ketsia alitutazama mmoja baada ya mwingine. Alikuwa anaogopa, niliona.

"Caleb, ni weye ulisoma. Useme."

Nikasema Claude. Sahihi yangu ni nzuri, niliifanyia mazoezi tangu shuleni. Niliiweka chini ya karatasi ya Claude bila kuisoma karatasi yenyewe.

Jumamosi jioni alirudi na bendeji, juu ya pikipiki, nimemshika kwa nyuma. Jumatatu alikuwa na homa. Jumanne titi la kushoto lilikuwa limeanza kuwa jeusi pembeni, na harufu yake ilifanya watoto wakatae kuingia chumbani. Simu ya Claude haikuita. Nilikwenda Shari nikakuta geti wazi, jenereta haipo, na ukutani misumari mitatu.

Hospitali walimpokea mbio. Nilibaki uani, kati ya mabeseni na majiko ya makaa, mikono mitupu. Mwanamke mmoja anayeitwa Jeannine, aliyekuwa akimkorogea mumewe uji, aliniuliza nani aliyempasua dada yangu. Nikataja jina.

"Huyo ni wa tatu," Jeannine alisema. "Wa kwanza tulimuzika mwezi wa pili. Hamukuuliza?"

Alisogeza sufuria yake ili nipate pa kukaa.

Baadaye Gaspard aliniita ndani. Titi la kushoto lazima liondolewe lote, leo hii. La kulia, ataona akishafungua. Kulikuwa na karatasi, na muuguzi akaninyooshea mimi kalamu.

Ketsia alikuwa macho. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa homa.

"Apana. Usimupe yeye."

Muuguzi alidhani anakataa upasuaji, akaanza kumbembeleza.

"Nimekubali," Ketsia alisema. "Lakini hiyo kalamu ulete huku. Caleb alisha kunichagulia mara moja."

Aliisoma kwanza. Aliisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno, na Gaspard akasimama akisubiri. Kulikuwa na neno moja asilolijua, aliuliza, akaelezwa. Kisha akaandika jina lake kwa herufi kubwa zilizopinda, zikatoka nje ya mstari.

Walipokuwa wakimsukuma kwenda mlangoni alisema, bila kunitazama, kwamba akitoka atataka uji, na usiwe na sukari nyingi.

Nilirudi uani. Sikuwa na sufuria. Nikamwomba Jeannine.